Moto wa Jeti wa Haidrojeni na Methani: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya yametoka kwa mafundi wanaofunga mifumo ya gesi kwenye magari, madereva wa bajaji, wanafunzi wa uhandisi na wakazi wanaoishi karibu na bomba la gesi asilia. Nimeyapa namba ili jibu moja liweze kukupeleka kwenye jingine bila kurudia maneno.

## Mambo ya msingi

1. Moto wa jeti ni nini hasa?

Ni moto wa gesi inayochomoka kwa nguvu kupitia tundu: bomba lililotoboka, flenji iliyolegea, valvu iliyokatika shingoni mwa mtungi. Gesi inakuja na kasi yake yenyewe, inavuta hewa njiani na kuwaka kadiri inavyochanganyika nayo. Unapata mwali mrefu, mwembamba karibu na tundu, mpana kule mbele, ulionyooka kuelekea tundu linakotazama.

Ukitaka kuuelewa, shika mpira wa kumwagilia bustani na uubane mdomo kwa kidole gumba. Maji yananyooka kama fimbo, kisha mbele yanalegea na kuinama. Moto wa jeti unafanya vivyo hivyo, isipokuwa ukilegea hauinami, unajikunja kwenda juu, kwa sababu hewa ya moto ni nyepesi. Karibu na tundu upepo hauusumbui. Kwenye ncha upepo unaupeleka utakako. Petroli iliyomwagika chini ikawaka ni habari nyingine kabisa: huo ni moto wa dimbwi, hauna mwelekeo wala kasi ya namna hii.

2. Methani ndiyo gesi iliyo kwenye mtungi wangu wa jikoni?

Hapana, na kosa hili nalisikia kila wiki. Mtungi wa jikoni una propani na butani zilizogeuzwa kuwa kimiminika kwa shinikizo la bar chache tu (bar 1 ni karibu sawa na shinikizo la hewa inayotuzunguka). Gesi hizo ni nzito kuliko hewa. Zikivuja hutambaa sakafuni na kujificha mvunguni.

Methani ndiyo sehemu kubwa ya gesi asilia, ile inayotoka Songo Songo na Mnazi Bay kwenda kwenye mitambo ya umeme na viwanda vya Dar es Salaam, na inayojazwa kwenye magari ya CNG, yaani gesi asilia iliyoshindiliwa, kwa shinikizo la bar 200 hivi. Uzito wake ni kama nusu ya uzito wa hewa, kwa hiyo inapanda. Methani iko pia ndani ya maji ya Ziwa Kivu, ambako Rwanda inaitoa na kuzalishia umeme.

3. Na haidrojeni, mtu wa kawaida atakutana nayo wapi?

Pengine asikutane nayo. Hutumika kugandisha mafuta ya kula viwandani, kupoza jenereta kubwa za umeme, kutengenezea amonia ya mbolea, na kujaza maputo ya hali ya hewa. Nchi kama Ujerumani na Japani zina vituo vya kujazia magari haidrojeni, na huko shinikizo hufika bar 700 kwenye gari. Hewa ni nzito kuliko haidrojeni mara 14.

4. Mbona inaunguruma kama ndege?

Kwa sababu inatoka kwa kasi ya sauti. Shinikizo la ndani likifika takriban mara mbili ya lile la nje, gesi kwenye tundu hufikia kasi ya sauti ya gesi yenyewe, na haipiti hapo kwenye tundu hata ukiongeza shinikizo. Inatoka nyingi zaidi, ikiwa imebanwa zaidi, halafu inatanuka kwa kishindo ikishatoka nje. Kasi ya sauti ndani ya methani ni kama mita 450 kwa sekunde. Ndani ya haidrojeni ni kama 1,300. Ngurumo hiyo peke yake inaumiza masikio, na inawafanya watu wasisikilizane. Kubalianeni ishara za mikono kabla ya kusogea.

5. Mwali unaweza kuwa na urefu gani?

Kinachoamua zaidi ni ukubwa wa tundu. Kipenyo kikiongezeka mara mbili, urefu nao unakaribia kuongezeka mara mbili. Shinikizo likiongezeka mara mbili, urefu unaongezeka kwa robo hivi tu. Tundu la milimita 2 kwenye mtungi wa haidrojeni wa bar 700 linatoa mwali wa takriban mita 4. Fikiria hilo: tundu linalopita kijiti cha kiberiti, na moto wenye urefu wa gari dogo.

Mtungi unapoendelea kuisha, mwali unafupika wenyewe. Bomba kuu halina huruma hiyo, kwa sababu nyuma yake kuna kilomita nyingi za gesi zinazosukuma hadi mtu afunge valvu za pande zote mbili.

## Gesi hizi mbili zikilinganishwa

6. Ipi inawaka kirahisi zaidi?

Haidrojeni, na kwa mbali. Methani inahitaji kuwa kati ya asilimia 5 na 15 ya hewa ndipo iwake. Haidrojeni inawaka kuanzia asilimia 4 hadi 75. Cheche inayotosha kuwasha methani ina nishati ya takriban milijouli 0.28, kwa haidrojeni inatosha milijouli 0.02. Umeme tuli wa nguo ya nailoni unaweza kuzidi hapo bila wewe kuhisi chochote.

Kuna jambo jingine linalowashangaza hata mafundi wazoefu. Haidrojeni ya shinikizo kubwa ikipasua njia ghafla inaweza kuwaka yenyewe bila cheche, kwa sababu wimbi la mshtuko linaipasha hewa iliyo mbele yake kabla hazijachanganyika. Kwa hiyo ukitafuta chanzo cha moto wa haidrojeni usipokione, usidhani lazima kuna mtu anayekuficha jambo.

7. Ni kweli moto wa haidrojeni hauonekani?

Mchana, karibu ni kweli. Mwali wa methani una kaboni, na chembe za masizi zinazowaka ndizo zinazotoa ile rangi ya njano tunayoijua. Haidrojeni haina kaboni. Inatoa mvuke wa maji tu, na mwanga wake mwingi uko kwenye infraredi na urujuanimno, ambako jicho la binadamu halifiki. Usiku utauona, hafifu. Mwali ukizoa vumbi au chumvi njiani unapata rangi ya machungwa, na miali mikubwa huwa inaonekana kiasi.

Katika mafunzo huwa nawasha kichomeo kidogo cha haidrojeni juani, saa sita mchana, na kuwauliza waliohudhuria kama kinawaka. Wengi husema bado. Kisha nausogeza ufagio wa chelewa taratibu, kwa urefu wa mkono. Njiti za mbele zinajikunja, zinageuka nyeusi, halafu zinashika moto hewani, mahali ambapo hapakuwa na kitu. Baada ya hapo hakuna anayepita mbele ya kichomeo. Mbinu ya ufagio si yangu. Mafundi wa NASA waliitumia kutafuta moto wa haidrojeni kabla ya vitambuzi vya kisasa kuenea. Siku hizi tumia kamera ya joto au kitambuzi cha urujuanimno. Huna? Basi ufagio wenye mpini mrefu, mbele yako, hatua kwa hatua.

8. Kama kaboni ndiyo inayoleta njano, mbona moto wa jiko la gesi ni wa bluu?

Kwa sababu jiko linaichanganya gesi na hewa kabla haijafika kwenye moto, masizi hayapati nafasi ya kutengenezeka. Gesi ileile ikitoka kwenye tundu la bomba inachanganyika njiani, ikichelewa, na inawaka njano. Ukiona jiko lako limeanza kuwaka njano, safisha vitundu vya kichomeo.

9. Kwa tundu na shinikizo sawa, upi una nguvu zaidi?

Zinakaribiana kuliko watu wanavyodhani. Kilo moja ya haidrojeni inatoa megajouli 120, ya methani inatoa 50. Lakini kwa sababu haidrojeni ni nyepesi mno, kwenye tundu lilelile methani inatoka kwa uzito unaokaribia mara tatu. Ukipiga hesabu, moto wa haidrojeni unatoa karibu asilimia 85 ya nguvu ya ule wa methani. Urefu wa miali nao haupishani sana.

Tofauti kubwa iko kwenye njia ambayo joto linakufikia. Nenda swali la 11, ambalo kwangu ndilo muhimu kuliko yote hapa.

## Joto na mwili wa mtu

10. Joto hupimwaje, na kiasi gani kinaumiza?

Hupimwa kwa kilowati kwa kila mita ya mraba. Jua la mchana katika pwani yetu ni kama kilowati 1. Kwa kilowati 1.6 mtu anaweza kukaa muda mrefu bila madhara. Kwenye kilowati 5 hivi, aliyevaa nguo za kazi nzito ana dakika chache za kufanya jambo la dharura na kuondoka. Ukifika 9.5, maumivu huanza baada ya sekunde 8 na malengelenge ndani ya sekunde 20. Kwenye 12.5 mbao huweza kushika moto ikipata cheche. Kwenye 37.5 mitambo ya kiwanda inaanza kuharibika.

Hayo ni kwa aliye pembeni. Kitu kinachoguswa na mwali wenyewe hupokea kilowati 100 hadi 300, wakati mwingine zaidi. Hapo hatuzungumzii tena dakika.

11. Nimesikia moto wa haidrojeni hauna joto kali kama wa methani. Kweli?

Aliyekuambia hivyo amechanganya mambo mawili. Joto la mwali wenyewe ni kali zaidi kwa haidrojeni: takriban nyuzi 2,100 za Selsiasi dhidi ya 1,950 za methani. Kilicho kidogo ni mnururisho, yaani joto linalotupwa pembeni kama lile unalolisikia usoni ukikaa karibu na tanuri. Moto wa methani hutupa kama theluthi moja hadi moja ya kumi ya nguvu yake kwa njia hiyo, kutegemea ukubwa na masizi. Moto wa haidrojeni hutupa kidogo kuliko huo, kwa kawaida nusu au pungufu.

Watu huona hiyo ni nafuu. Mimi naiona ni mtego. Moto wa methani unakufukuza: uso unachoma, nywele za mikono zinasinyaa, miguu inarudi yenyewe kabla hujaamua. Moto wa haidrojeni haukuonyi hivyo. Huuoni, husikii joto kali pembeni, na unaweza kusogea hadi hatua moja kutoka kwenye kitu chenye nyuzi elfu mbili. Kumbuka pia urujuanimno wake: anayekaa muda mrefu karibu na moto mkubwa wa haidrojeni anaweza kupata ngozi iliyoungua kama ya mzungu aliyelala ufukweni.

12. Umbali gani ni salama?

Kwa anayesimama pembeni, hesabu ya haraka ni hii. Chukua gesi asilia inayotoka kilo 1 kila sekunde: hiyo ni megawati 50. Tuseme moja ya tano inatupwa kama mnururisho, yaani megawati 10, na tuichukulie kama inatoka sehemu moja. Ukiwa mita 20 unapokea kama kilowati 2 kwa mita ya mraba. Ukiwa mita 40 unapokea nusu kilowati. Umbali ukizidi mara mbili, joto linapungua mara nne. Hesabu hii inadanganya ukiwa karibu na mwali, kwa hiyo usiitumie kujipenyeza.

Kwa aliye mbele, upande ambao moto unaelekea, kanuni inayotumika kwa haidrojeni hupimwa kwa urefu wa mwali. Mara 2 ya urefu huo bado kuna hewa ya moto inayoweza kuunguza vibaya ndani ya sekunde 20. Mara 3 ni mpaka wa maumivu. Mara 3.5 ndipo hewa inashuka hadi nyuzi 70 na mtu hadhuriki. Kwa ule mwali wa mita 4 wa swali la 5, kaa zaidi ya mita 14 mbele yake.

13. Na bomba kuu likipasuka?

Sahau hesabu za hapo juu. Tarehe 19 Agosti 2000, karibu na Carlsbad, New Mexico nchini Marekani, bomba la gesi asilia la inchi 30 lilipasuka kwa sababu ya kutu ya ndani. Watu 12 wa ukoo mmoja walikuwa wamepiga kambi chini ya daraja la bomba, takriban mita 200 kutoka pale. Wote walifariki. Moto uliwaka dakika 55.

Tarehe 30 Julai 2004 huko Ghislenghien, Ubelgiji, bomba lililokuwa limekwaruzwa na mashine ya ujenzi lilipasuka wakati askari wa zimamoto wakiwa tayari wamefika kwa sababu ya harufu ya gesi. Watu 24 walifariki, baadhi yao askari hao, na zaidi ya 130 walijeruhiwa. San Bruno, California, mwaka 2010: watu 8, nyumba 38, na dakika 95 kabla ya gesi kuzuiwa.

Ndiyo maana ukanda wa bomba una mabango, na ndiyo maana tunawasumbua wanaotaka kuchimba msingi au kisima ndani yake. Mkwaruzo wa jembe la mashine hauonekani leo. Bomba linaukumbuka.

## Moto ukishawaka

14. Niuzime?

Usiuzime kabla ya kuzuia gesi. Hili ndilo jibu ambalo watu hawapendi kulisikia, hasa waliokwisha kushika kizimamoto mkononi. Moto unaowaka unaila gesi inapotoka. Ukiuzima huku gesi inaendelea kutoka, umetengeneza wingu linalosubiri cheche, na likiwaka halitakuwa moto tena, litakuwa mlipuko.

Utaratibu: ondoa watu, piga simu (Tanzania zimamoto ni 114), funga valvu kutoka mbali na tundu, mwagia maji vitu vilivyo jirani vipoe, acha mwali ujiishie. Askari wanaweza kulazimika kuuzima kwanza ili kumwokoa mtu, lakini huo ni uamuzi wao.

15. Maji yanatosha kulinda mtungi unaopigwa na mwali?

Kwa joto la pembeni, ndiyo, yanasaidia sana. Kwa mwali unaogonga chuma moja kwa moja, mara nyingi hapana: kasi yake inayapeperusha maji kabla hayajashika. Chuma cha kawaida hupoteza karibu nusu ya nguvu yake kikifika nyuzi 550 hadi 600, na mwali wa jeti unaweza kukifikisha huko kwa dakika chache. Mtungi unapopata joto shinikizo linapanda, ukuta unalegea, vyote kwa pamoja. Ukiona mwali unalamba mtungi mwingine, ondoka. Kwenye Piper Alpha, jukwaa la kuchimbia mafuta na gesi katika Bahari ya Kaskazini, tarehe 6 Julai 1988, moto ulidhoofisha mabomba ya gesi yenye shinikizo kubwa moja baada ya jingine, na kila lililopasuka lililisha mwali mpya. Walikufa watu 167.

16. Kwa nini mtungi wa gari la CNG hutema moto wakati gari linaungua? Si ndiyo hatari yenyewe?

Unatema kwa makusudi. Kuna kifaa kidogo kwenye valvu kinachoyeyuka au kupasuka kikifika takriban nyuzi 110, na kinaiachia gesi ili mtungi usipasuke. Utasikia mlio mkali na kuona mwali wa mita kadhaa, kisha unafifia mtungi ukiisha. Kati ya mwali wa mita kadhaa na mtungi mzima kuruka vipande, nachagua mwali. Ila fundi anapofunga kifaa hicho lazima akielekeze mahali pasipo na mtu wala tangi la petroli, na usikubali kamwe mtungi usio nacho, hata kama bei ni ya kukutoa mate.

## Maswali ya pembeni

17. Haidrojeni si inapaa haraka? Basi uvujaji wa nje hauna shida.

Nje, penye uwazi, hiyo ni faida ya kweli. Chini ya paa, au penye kuta zinazozuia, inajikusanya. Hata nje, ikitoka nyingi na kuwaka kwa kuchelewa, kwanza kunakuja mlipuko, halafu moto wa jeti unabaki ukiwaka. Hivyo ndivyo ilivyokuwa kwenye kituo cha kujazia magari haidrojeni cha Kjørbo, karibu na Oslo nchini Norway, tarehe 10 Juni 2019. Chanzo: kizibo cha tangi la shinikizo kubwa ambacho bolti zake hazikuwa zimekazwa inavyotakiwa.

18. Harufu itaniambia kama inavuja?

Methani na haidrojeni zote hazina harufu. Ile ya yai bovu huongezwa kwenye gesi asilia inayosambazwa kwa watumiaji. Kwenye mabomba makuu yenye shinikizo kubwa mara nyingi haipo. Haidrojeni ya magari haiwekewi, kwa sababu dawa hiyo inaharibu seli za mafuta, yaani vifaa vinavyogeuza haidrojeni kuwa umeme ndani ya gari. Kitambuzi ndicho pua yako.

19. Kuna nchi zinachanganya haidrojeni kwenye gesi asilia. Moto unabadilika?

Kwa mchanganyiko wa asilimia 20 kwa ujazo, kama ule uliojaribiwa Chuo Kikuu cha Keele nchini Uingereza, kidogo tu. Asilimia 20 ya ujazo ni kama asilimia 7 ya nishati. Mwali bado unaonekana, bado una mnururisho wa kukufukuza. Kadiri haidrojeni inavyozidi ndivyo unavyohamia kwenye tabia za swali la 7 na la 11.

20. Nimeona methani inatoka kwa kishindo lakini moto unazimika wenyewe kila ukiwashwa. Kwa nini?

Gesi inakimbia kuliko moto unavyoweza kurudi nyuma kuifuata. Mwali wa methani husafiri polepole, chini ya nusu mita kwa sekunde katika hewa tulivu, kwa hiyo kwenye tundu dogo lenye shinikizo kubwa hunyanyuka mbali na tundu na kupeperushwa. Haidrojeni, ambayo mwali wake husafiri kwa mita 3 hivi kwa sekunde, hung'ang'ania mdomoni mwa tundu.

Ila usistarehe. Mkondo huo ukigonga ukuta, nguzo au bomba jingine, kasi inavunjika na moto unapata pa kushika. Na mtu aliyesimama na kiberiti akiuwasha tena na tena kuona kama utakubali amesimama ndani ya wingu la swali la 14.